Kabla ya kukata tiketi ya Mafia, uliza mwezi una siku ngapi

Mwaka juzi shemeji yangu wa Dodoma alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyepewa likizo ghafla. "Shem, nataka kukata tiketi leo leo. Tunakuja Ijumaa, tunarudi Jumapili. Tutaogelea na potwe, wale papa wakubwa, tutazamia, na mama watoto anataka ile picha ya fungu la mchanga katikati ya bahari." Nikamuuliza swali moja: "Ijumaa hiyo mwezi utakuwa na siku ngapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Si Novemba, shem?"

Mafia, kisiwa chetu cha pwani ya Tanzania, haiendi kwa kalenda ya ukutani, inakwenda kwa mwezi mwandamo. Karibu kila jambo utakalokuja kufanya huku, kuanzia kuogelea pale ufukwe wa Utende hadi kushuka kwenye mwamba, linategemea maji yako wapi saa ile. Mimi nimezaliwa Juani, kisiwa kidogo cha jirani. Mama yangu alikuwa akichokoa pweza, na kabla sijajua kusoma saa nilikuwa najua maji yatapwa lini, maana ndiyo yaliyopanga tule saa ngapi. Sasa ni mwaka wa kumi na moja naongoza watu kuzamia katika Ghuba ya Chole. (Nasema kuzamia chini ya maji. Bibi yangu mpaka anafariki aliamini ninasafirisha vijana kwenye meli bila tiketi.) Nimechoka kurudia maneno yaleyale kwenye simu, basi nayaandika.

Anza na hesabu ya mwezi. Tafuta tarehe ya Kiislamu: iko kwenye kalenda za misikitini, iko kwenye simu, na ukikosa kote muulize muuza kahawa. Tarehe 1 hadi 3, na tena 15 hadi 17, ni bamvua. Siku hizo kwetu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Ufukwe uliouacha jioni maji yakigusa mikoko, asubuhi utaukuta ni tope na majani ya bahari, na mashua zimelala ubavu kama ng'ombe waliocheua. Tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Hapo mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi, tena hayajai sana wala hayapwi sana. Siku za katikati, kila kukicha saa ya maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukijua hayo matatu huna haja ya jedwali.

Sasa chagua unachotaka. Ukitaka fungu la mchanga, kutembea juu ya mwamba na kuona wanawake wanavyovua pweza, njoo bamvua na uamke mapema. Ukitaka kuzamia kwa mara ya kwanza maishani, njoo maji mafu, kwa sababu mkondo ni mpole. Wazamiaji wazoefu wanapenda kuwa karibu na bamvua, maji yanapoingia kwa nguvu kutoka bahari kuu yakiwa safi kama kioo, lakini kwa mgeni mkondo ule ni kama kushika mkia wa daladala inayoondoka. Vyote viwili ndani ya siku tatu huvipati. Mtu akikuahidi, anataka malipo ya awali.

Nami nimewahi kuadhibiwa na hesabu hii, nikiwa mwaka wa pili wa kazi. Niliwapeleka wageni sita kwenye fungu siku ya bamvua, tukafika saa mbili asubuhi, nahodha akaisogeza mashua begani mwa mchanga. Nilikuwa nimekazana kuwasimulia habari za kasa, nahodha amejilaza. Nilipogeuka, maji yalikuwa yamekwisha toka chini ya mashua. Maji yaliyokuacha saa mbili yakipwa hadi saa nne, hayakurudii mpaka saa sita. Saa nne nzima juu ya mchanga mweupe, hakuna kivuli isipokuwa cha tanga tulilolisimamisha kwa makasia, na chupa tatu za maji. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo mashua yangu hailazwi mchangani. Inabaki majini na mtu mmoja anabaki nayo.

Baada ya mwezi, angalia upepo. Kusi huvuma tangu masika hadi Septemba, na Juni na Julai huwa mkali hasa: bahari ya nje ya Juani haifikiki, tunazamia ndani ya ghuba tu. Ghuba imekingwa na visiwa, kwa hiyo kazi haisimami, lakini utahisi baridi ukitoka majini. Miezi ya maleleji, Oktoba na Novemba, kusi limechoka na kaskazi haijashika, bahari inalala. Huo ndio wakati ninaoupenda. Kaskazi hukaa hadi Machi, na hapo ndipo tunapotoka nje ya mlango wa ghuba kwenda kwenye kuta za mwamba za Dindini. Aprili na Mei usije, labda unapenda kusikiliza mvua kwenye makuti. Potwe wanaonekana vizuri kuanzia Oktoba hadi Februari. Vifaranga vya kasa hutoka mchangani kule Juani zaidi Juni hadi Septemba. Nyangumi hupita mbali kati ya Julai na Oktoba, na mara nyingine ukiwa chini ya maji unawasikia wakiimba usiwaone kabisa, jambo ambalo bado linanisimamisha nywele.

Kufika si kugumu kama watu wanavyodai. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam ni nusu saa hivi hadi Kilindoni. Ukiwa na subira na mfuko mwepesi, panda basi Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, kisha chombo hadi Kilindoni. Njia ya bahari huchukua saa kadhaa, ukianzia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Chombo nacho hufuata maji, kwa hiyo saa ya kuondoka ya leo siyo ya kesho. Ulizia siku moja kabla, usitegemee alichokwambia rafiki aliyekuja mwezi uliopita. Toka Kilindoni hadi Utende ni kama kilomita 15 za lami, bajaji au bodaboda inatosha.

Utende kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ambayo ni ya kwanza ya aina yake nchini, ya mwaka 1995, yenye kilomita za mraba 822, nyingi zikiwa maji. Njoo na kitambulisho cha NIDA. Kiingilio cha raia ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni kutoka nje, na bila kitambulisho utabishana getini kwa lafudhi yako ya Kisukuma mpaka jua lichwe. Tunza risiti, utaulizwa tena.

Haya, potwe. Wengine humwita papa potwe, Kenya wanamwita papa shilingi kwa ajili ya vile vidoti. Ni papa, lakini ukoo wake wa kuuma umeishia kwenye jina. Anakula uduvi, na ndiyo sababu anakuja upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, kwenye maji ya kijani ambayo mzamiaji wa picha anayachukia. Uduvi umo mle, na dagaa wanaoufuata, na wavuvi wanaowafuata dagaa. Ukitaka kumwona potwe, mwulize mvuvi aliyerudi alfajiri, siyo mtandao.

Mnaondoka saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Hamzamii na mitungi ya hewa, mnaogelea juu tu na miwani na bomba la kupumulia. Nahodha anatafuta ndege wanaotumbukia na kivuli cheusi chini ya maji, wakati mwingine ncha ya pezi. Akimwona, anaizungusha mashua mbali, anazima au anapunguza injini mbele ya njia yake, na hapo kila mtu anataka kuruka kwa kishindo. Usiruke. Kaa ukingoni, miguu nje, miwani usoni, bomba mdomoni, kisha teleza. Kishindo kinamfanya azame, na akizama umepoteza zamu ya wote waliomo mashuani.

Majini utaona kijani tupu, utajiona mjinga, utainua kichwa umuulize kiongozi yuko wapi. Usiinue. Kutoka kwenye ule ukungu litatokea kwanza domo, pana kama mlango wa gari, limeachama, halafu kichwa bapa chenye jicho dogo pembeni, jicho dogo kabisa kwa mwili ule, linageuka kukutazama. Ndipo vidoti vinapoanza kupita, mstari kwa mstari, na vinapita, na unadhani ameisha kumbe ndiyo kwanza umefika kwenye mbavu. Wengi wa hapa ni vijana, mita 4 hadi 8. Kaa ubavuni, usimtangulie, usimguse. Acha mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka kwenye mkia, maana mkia ule ukigeuka hauna habari na wewe. Kamera ipo sawa, mwanga wa kamera hapana. Ukipata picha safi ya ubavu wa kushoto nyuma ya matamvua, wape watafiti: mpangilio wa vidoti ni kama alama za vidole, ndivyo wanavyowatambua mmoja mmoja.

Watu wawe 10 kwa potwe mmoja, wasizidi. Ukikuta mashua tano zimemzingira, mwambie nahodha asubiri au akatafute mwingine. Wewe ndiye unayelipa, sauti yako inasikika kuliko yangu. Na jueni kwamba kuna siku hatuwaoni. Nimeshawahi kukaa siku nne mfululizo na wageni waliokuja toka Arusha kwa ajili hiyo tu, tukaona pomboo na jua kali. Weka angalau asubuhi mbili kwenye ratiba.

Asiyejua kuogelea naye anaweza kuingia, akivaa boya na kushikilia boya la duara la kiongozi. Lakini fanya mazoezi siku iliyotangulia, kwenye maji ya kiuno, maji yakiwa yamejaa. Jambo la kujifunza si kurusha mikono. Ni kulala kifudifudi, uso majini, na kupumua kwa mdomo kupitia bomba mpaka moyo utulie. Dakika ya kwanza mwili unakataa, unakwambia unakufa. Hesabu pumzi ishirini, polepole. Ukifika ya kumi na tano hivi mabega yanashuka yenyewe, nawaona.

Miwani ndiyo inayoharibu siku za watu, hasa dada zangu. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo puani, achia mkono. Ikibaki imeshika, ni yako. Ikianguka, jaribu nyingine, usikubali kuambiwa "itakaa tu ukifika majini". Rasta na nywele za kuunga zikiingia chini ya mpira hata uzi mmoja, maji yanaingia. Funga nywele nyuma kwa kitambaa kilichobana, anzisha mkanda wa miwani juu ya masikio, na yale malaika ya kwenye paji la uso yasukume ndani ya kitambaa kwa kidole. Msuko mkubwa wa juu utakufanya mkanda uteleze. Suka mistari ya kurudi nyuma kabla ya safari. Kaka zangu wenye sharubu, maji yataingia kidogo na mtavumilia, ila msipake Vaseline, inaharibu ule mpira. Ukungu ndani ya kioo dawa yake ni mate. Tema, sugua, suuza mara moja. Unacheka sasa, utatema kesho.

Sasa kuzamia kwenyewe. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuonjeshwa: nusu siku, unafundishwa mambo machache kwenye maji mafupi, kisha mwalimu anashuka na wewe akiwa amekushika, mwisho mita 12. Ya pili ni kozi ya cheti, siku tatu au nne, ambayo itakuruhusu kufika mita 18 ukiwa na mwenzako. Kozi itakudai uogelee mita 200 na kuelea dakika 10, kwa hiyo jifunze kuogelea nyumbani kwanza, usije ukamlipa mwalimu wa kuzamia akufundishe kupiga mbizi za mtoni.

Utapewa fomu ya afya. Isome. Pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa kifua, ujauzito: jibu kweli, na panapohitaji daktari nenda kwa daktari kabla hujasafiri. Mtu akikwambia fomu ni utaratibu tu, weka saini twende, chukua viatu vyako uondoke. Uliza pia kama mashua ina oksijeni, na kiongozi mmoja atachukua watu wangapi. Kwa anayeonja, mimi sichukui zaidi ya wawili.

Masikio ndiyo yanayoamua. Ukishuka, maji yanakandamiza hewa iliyomo ndani ya sikio. Kwenye mita 10 kani inayokukandamiza ni mara mbili ya ile ya juu, na badiliko kubwa liko hapo hapo mwanzoni, mita tano za kwanza. Minya pua, puliza taratibu mpaka masikio yabofye. Fanya kabla hujaumia, kila mita moja. Likikataa, panda kidogo, jaribu tena. Likikataa kabisa, kuzamia kumeisha leo, na hakuna atakayekudai sababu. Nilikuwa na miaka 24 niliposhuka na mafua kwa kuwa wageni walikwisha lipa. Kwenye mita sita nilisikia kitu kama kitambaa kinachanika, halafu maji baridi ndani ya kichwa, halafu dunia ikazunguka sijui juu ni wapi. Nilikaa mwezi mzima nchi kavu nikiuza maandazi ya dada yangu. Ukiwa na mafua usizamie, hata kama tiketi ni ya kesho.

Kanuni ya pili ni fupi: usizuie pumzi, kamwe. Hewa uliyoivuta chini inatanuka unapopanda, na ukiifungia kifuani haina pa kwenda isipokuwa kupasua. Pumua kama mtu aliyelala. Unapopanda, usiwahi vipovu vyako vidogo. Vikikupita, mwendo wako ni sawa. Kwenye mita 5 tunasimama dakika 3, tunatazamana kama abiria kituoni, kisha tunatoka.

Mgeni wa kwanza huwa nampeleka Milimani, ndani ya ghuba, maji yakiwa yanamalizia kujaa. Siku ya maji mafu maana yake tunaondoka saa mbili, tunashuka saa tatu. Usiende maji yakitoka: yanazoa tope la mikoko na ghuba nzima inakuwa chai ya maziwa. Utaona matumbawe yaliyopangana kama sahani za harusini, chewa aliyejificha chini ya paa la mwamba akifungua na kufunga mdomo, samaki mkunga anayechungulia, samaki taa mwenye madoa ya buluu anayenyanyuka mchangani na kuacha umbo lake. Kasa tunakutana naye mara nyingi. Akila, hashughuliki na wewe. Mlango wa Kinasi, ambako bahari kuu inaingilia ghubani, ni ukuta unaoshuka zaidi ya mita 20 na samaki wakubwa wanapita hapo kufuata mkondo, lakini huo ni wa safari yako ya pili.

Mikono weka kifuani. Tumbawe ni mnyama, na unapolikanyaga kwa pezi la mguuni unavunja kilichochukua miaka mingi kuota. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha matumbawe mengi ya ukanda huu, na nakumbuka watu wazima wakisema mwamba umefanya mvi. Sehemu zimerudi, sehemu hazijarudi. Halafu kuna faida yako mwenyewe: kuna samaki anayefanana na jiwe lenye ukoga, mwenye miiba ya sumu mgongoni, na kuna kombe zenye umbo la koni, nzuri za kupendeza, zinazochoma vibaya. Usiokote kitu. Ukitembea mwambani vaa viatu vyenye soli, raba za shilingi elfu chache zinatosha. Akikuchoma yule wa jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua, yapate nusu saa na zaidi, huku mnatafuta usafiri wa hospitali.

Ukishazamia, ndege isubiri. Saa 18 angalau baada ya kuzamia kwa mwisho, kama umezamia zaidi ya mara moja. Ndipo safari ya Ijumaa hadi Jumapili inapogoma: ukizamia Jumamosi mchana na ndege ni Jumapili asubuhi, hesabu haitoshi. Siku tano ndiyo safari. Nne ukijibana.

Saa hizo 18 ndizo za visiwa. Chole unavuka kwa mashua toka Utende kwa muda wa kunywa soda. Hakuna magari. Kuna magofu ya enzi za Wajerumani, mizizi imeyakumbatia kuta mpaka huwezi kusema kipi kinashikilia kipi, na kuna popo wakubwa wa matunda wananing'inia mchana kweupe kama miavuli iliyosahauliwa. Nenda saa kumi na moja na nusu jioni, ukae chini ya mti, wanapoanza kuondoka. Juani kwetu, nenda Kua, mji uliohamwa baada ya kuvamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Magofu ya misikiti na ya nyumba ya ghorofa bado yamesimama. Mwongozaji ni mtu wa kijiji, mlipe yeye, asubuhi ya maji kujaa ili mashua iingie kwenye mikoko. Jibondo ni ya wajenzi wa majahazi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiombe maji ya kunywa, beba ya kwako, kule maji yasiyo ya chumvi ni shida.

Nguo: ufukweni hotelini vaa upendavyo. Kijijini funika mabega na magoti, kanga moja inamaliza. Majini mimi navaa shati refu la mikono na leggingi, linazuia jua kuliko krimu yoyote na halimwagi mafuta juu ya matumbawe. Fedha taslimu beba za kutosha, mashua nyingi hazina namna nyingine. Anayetapika baharini, ale kidogo asubuhi, chapati kavu na chai ya tangawizi, akae katikati ya mashua aangalie upeo wa bahari. Mwenye tumbo tupu hutapika zaidi, hilo wageni hawanisadiki.

Shemeji alisogeza safari kwa siku tisa, akaja mwezi ukiwa na siku ya nane. Potwe walimwona asubuhi ya pili. Masikio yake yalibofya, ya mkewe yakakataa, akabaki juu na bomba lake akahesabu kasa watatu, mumewe chini hakuona hata mmoja. Fungu la mchanga ndilo lililotuponyoka, maana kwa maji mafu lilikuwa halijatoka. Jioni ile saa kumi tulilikuta lina maji ya kifundoni. Shemeji akaanza kulalamika, mama watoto akateremka, akapandisha kanga, akatembea mpaka katikati na kusimama. Kwenye picha hakuna mchanga, hakuna mashua, ni mwanamke wa Dodoma amesimama juu ya bahari. Mpaka leo ndiyo picha yake ya WhatsApp.